Mke wa Nyamgondho Anaitwa Nani?

Ukitoka Sindo ukashika barabara ya Magunga, kisha ukateremka tena ziwani hadi Nyandiwa, wenyeji watakuonyesha mahali Nyamgondho alipogeuka mti. Hadithi huenda unaijua, na kama huijui, nyanya yeyote wa Gwassi atakupa bure. Nyamgondho wuod Ombare alikuwa mvuvi maskini hohehahe. Siku moja wavu wake ulimletea kikongwe badala ya samaki. Alitaka kumrudisha majini, kikongwe akamsihi, basi akamchukua nyumbani na kumfanya mke. Kulipokucha boma lilikuwa limejaa ng'ombe. Miaka ikapita, Nyamgondho akawa tajiri, akawa pia mtu wa pombe na majivuno. Usiku mmoja alirudi amelewa akakuta lango limefungwa. Mke akachelewa kufungua, na jamaa akaropoka: yeye ni nani hata amsimamishe nje, si ni yule yule aliyeopolewa ziwani? Mama hakujibu. Alitoka akaelekea majini, na kila kilichokuja naye kikamfuata, ng'ombe, mbuzi, hadi kuku wa mwisho. Nyamgondho akabaki ufuoni ameegemea fimbo yake, akitazama maji, mpaka akawa mti.

Nimeisikia hadithi hii kwa Dholuo, kwa Kiswahili cha shule na kwa Kiingereza cha watu wanaopeleka wageni kupiga picha. Kote huko Nyamgondho ana jina, na baba yake ana jina. Mke hana. Na kumbuka hii ni hadithi iliyo upande wake! Hakuna anayeisimulia akimtetea mume. Mali yote ilikuwa ya huyu mama, uamuzi mkubwa kuliko wote ni wake, fundisho lote limejengwa juu ya mgongo wake, lakini mahali penyewe panaitwa kwa Nyamgondho.

Jambo hili lilinigonga nikiwa mbali kabisa na Gwassi, kwenye darasa la historia ya Warumi. Si wale Warumi wa sinema, wa Julius Caesar na mapanga. Hawa ni wa mwisho mwisho, kati ya karne ya 4 na ya 6, dola inapasuka, Wagothi wameingia, Ukristo umekuwa dini ya wakubwa. Wanahistoria walioandika kwa Kilatini katika miaka hiyo hawasomwi sana, na mimi mwenyewe niliwachukua kwa sababu somo lingine lilikuwa limejaa. Nilitarajia vita na maaskofu. Hivyo vilikuwepo tele. Ila kila nilipofika kwa mwanamke nilikuwa na hisia kwamba huyu nimeshakutana naye, tena kwa Dholuo.

Mchukue Constantina. Ni binti wa mfalme Constantinus, ambaye wanawe wa kiume walikuwa Constantinus, Constantius na Constans, manake ukoo mzima ni jina moja linalozungushwa. Mume wake wa kwanza aliuawa mwaka 337 katika mauaji ya jamaa yaliyofuata kifo cha baba yake. Mwaka 351 akaozwa kwa Gallus, binamu yake aliyepewa kutawala mashariki kwa niaba ya Constantius. Gallus akawa mkatili, na mwaka 354 akakatwa kichwa kwa amri ya huyo huyo Constantius. Aliyetuandikia kisa hiki ni Ammianus Marcellinus, askari mstaafu aliyezaliwa kwenye Kiyunani lakini akaandika kwa Kilatini, na kwa maoni yangu ndiye mwandishi bora wa kizazi chake. Anataka kueleza ukatili wa Gallus, na kabla hata hajafika mbali anamleta mke. Anamfananisha na Megaera, mmoja wa mizimu ya kisasi ya Wayunani, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akichochea moto wa mumewe, mwenye kiu ya damu kama yeye. Ukimaliza ukurasa unajua Constantina ni jini. Gallus mwenyewe ni mtu mbaya, sawa, lakini ni mtu mbaya aliyesukumwa.

Sasa nenda Roma leo. Kuna jengo la duara, Santa Costanza, lililokuwa kaburi lake. Jeneza lake la jiwe la zambarau liko kwenye makumbusho ya Vatikani. Karibu na hapo alijenga kanisa la Mtakatifu Agnes, na akaweka shairi la kuliweka wakfu ambalo herufi za mwanzo wa mistari, ukizisoma kwenda chini, zinataja jina lake na kwamba amelitoa kwa Mungu. Waumini wa baadaye walimfanya mtakatifu bikira. Bikira, huyu aliyeolewa mara mbili! Kwa hiyo tuna jini wa Ammianus, tuna bikira wa kanisa, na katikati kuna mwanamke aliyetia sahihi kazi yake kwa herufi za kwanza za mistari. Ya tatu ndiyo inayonivutia, kwa sababu ndiyo pekee aliyoiandika, au kuagiza iandikwe, yeye mwenyewe.

Kazi ya mchochezi kwenye historia ni kazi ya zamani na mwanamke huipewa kwa urahisi. Huku kwetu tunaye Moraa. Mwezi wa Januari 1908 kijana wa Kigusii, Otenyo, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Kumbuka wakati huo sisi wa ziwani tulikuwa wilaya moja na Kisii, South Kavirondo, ambayo makao yake yalianzia Karungu kule Migori kabla ya kuhamishiwa juu. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Abagusii hawakupona vivyo hivyo. Lilitumwa jeshi likachoma nyumba, likachukua ng'ombe na kuua watu kiasi kwamba hata Winston Churchill, aliyekuwa afisini London wakati huo, aliona aibu na kuandika kuuliza sababu. Nyuma ya mkuki wa Otenyo masimulizi yanamweka Moraa, mama mtabiri, jamaa yake. Inasimuliwa kwamba aliwakejeli vijana kwa kukaa kimya, kwamba kama wameshindwa kuwa wanaume waseme, wanawake wachukue mikuki.

Anachofanya Moraa ni kile kile Constantina anachoshtakiwa nacho. Anaongea, mwanamume anachukua silaha. Tofauti ni nani anayesimulia. Moraa amesimuliwa na watu wake, kwa hiyo yuko kwenye vitabu vyetu vya shule kama shujaa, pamoja na Mekatilili wa Menza wa Wagiriama. Laiti tungebaki na neno la serikali ya kikoloni peke yake, angebaki kizee mchawi aliyeharibu vijana. Hata hivyo, mimi huwa najiuliza: mbona hata sisi tuliompenda tukamhifadhi kwa sentensi moja tu, ile ya kuwaambia wanaume wawe wanaume? Aliwaza nini kuhusu kodi? Alikuwa mtabiri, alitabiri nini zaidi? Tulichobakisha ni kile kipande chake kinachomhusu Otenyo.

Turudi kwa Ammianus, kwa sababu ana kisa kingine ambacho nikikutana na mtu anayependa hadithi za kupelelezana lazima nimpe. Mwaka 359 kulikuwa na jenerali, Barbatio. Nyuki walikaa kwenye nyumba yake, kundi zima, na watabiri wakamwambia ni dalili ya jambo kubwa. Akaenda vitani. Mkewe Assyria, ambaye Ammianus anatuambia hakuwa na akili wala hakujua kunyamaza, akaingiwa na wasiwasi. Akamwandikia mumewe barua ya machozi: ukishakuwa mfalme, tafadhali usinitupe ukamwoa Eusebia. Eusebia alikuwa malkia, mke wa Constantius, na alisifika kwa uzuri. Barua ya namna hiyo ni kitanzi. Assyria alijua, kwa hiyo iliandikwa kwa maandishi ya siri, na aliyeiandika ni mjakazi wake, mtumwa mwenye ujuzi huo. Mjakazi akatoa nakala. Jeshi liliporudi alitoroka usiku na nakala yake, akampelekea jenerali mwingine, Arbitio, aliyeipeleka kwa mfalme. Barbatio akakatwa kichwa. Assyria akakatwa kichwa.

Mjakazi? Hana jina. Assyria ana jina na tusi. Yule mwenye ujuzi wa kuandika kwa siri, aliyefikiria kutunza nakala, aliyesubiri wakati mwafaka, aliyetembea usiku kwenye kambi ya askari, hana hata herufi moja. Ammianus anatupa kitu kimoja tu kumhusu, kwamba alimfikia Assyria kutoka kwenye mali ya marehemu Silvanus. Anapita mbio, lakini mimi sikupita. Silvanus ni jenerali aliyeuawa mwaka 355, na kilichomwangusha, kwa maelezo ya Ammianus huyo huyo kurasa chache nyuma, ni barua za kughushi. Watu walipata barua zake, wakafuta maneno, wakaacha sahihi, wakaandika uhaini juu yake. Kwa hiyo huyu mama aliishi katika nyumba iliyoangamizwa na barua ya uongo, akarithiwa kama kiti, akapelekwa nyumba nyingine, na huko akaiangamiza kwa barua ya kweli. Hii ni riwaya nzima, na mwanahistoria mkubwa wa karne yake aliipita kama matatu inavyokupita stendi ikiwa imejaa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mke wa Lwanda Magere.

Huyu ni wa Kano, ng'ambo kidogo, lakini hadithi yake ni ya Waluo wote, na ya sinema za vichwani mwetu tangu darasa la tatu. Lwanda Magere alikuwa jiwe. Mishale ya Lang'o, yaani Wanandi na Wakipsigis, ilimgonga ikaanguka. Wakubwa wa Lang'o wakaona vita haviwezekani, wakampelekea msichana mzuri awe mke, kama zawadi ya amani. Siku moja Lwanda akaugua, akamwambia mke achanje kivuli chake apake dawa. Kivuli kikatoka damu. Msichana akajua, akatoroka usiku akarudi kwao na habari. Vita vilivyofuata, mkuki ukapigwa kwenye kivuli, na Lwanda akaanguka akawa jiwe la kweli. Watu huenda hadi leo kunoa visu na mikuki kwenye jiwe hilo. Okoiti Omtatah, kabla hajawa mtu wa kesi mahakamani na baadaye seneta wa Busia, aliiandikia tamthilia.

Tuliposimuliwa hii tukiwa watoto, fundisho lilitolewa papo hapo: usimwamini mke wa kigeni. Mwalimu wa Jumapili akaongeza Delila, biashara ikaisha. Lakini hebu msimamishe huyo msichana dakika moja. Kwao ndiko wanakouawa kila msimu na mtu asiyechomeka. Huenda ana kaka waliobaki Kano. Anatumwa peke yake kwenye boma la adui, bila silaha, hajui kama atarudi. Akikaa miezi mitatu au miaka mitatu, hadithi haisemi. Anapata siri, anaifikisha. Msichana huyo akisimuliwa upande wa pili wa mlima angekuwa Moraa.

Na Walatini wanao huyu pia. Anaitwa Rosamund. Mwandishi wake, Paulo Shemasi, ni wa karne ya 8, kwa hiyo amechelewa kidogo kwa mlolongo wangu, lakini kisa ni cha mwaka 572. Alboin, mfalme wa Walombardi, alimuua mfalme Cunimund, akatengeneza kikombe kwa fuvu la kichwa chake, kisha akamwoa binti yake. Kwenye karamu mjini Verona, akiwa amelewa, alimpa Rosamund divai ndani ya kikombe hicho anywe na baba yake. Rosamund akapanga. Mumewe alipolala mchana, upanga wake ukafungwa kwenye kitanda usichomoke, wauaji wakaingia, na Alboin, shujaa wa vita vyote, akajitetea kwa kigoda cha miguu mpaka akafa. Paulo anaapa kwamba kikombe alikiona kwa macho yake.

Paulo ni Mlombardi. Alboin ni wa kwao, kama Lwanda alivyo wetu. Hampendi Rosamund, na mwisho anamuua kwa sumu aliyomwandalia mwanamume mwingine, kwa hiyo haki imetendeka. Lakini kabla ya hapo amempa fuvu. Msomaji anajua kwa nini. Hata ukiwa upande wa Alboin unasikia mkono wako ukitetemeka kwenye kile kikombe. Sisi tulimnyima binti wa Lang'o hata hilo. Tulimpa uzuri na siri, tukamkatalia sababu.

Sitaki uondoke ukidhani Walatini walikuwa wema kutushinda. Walikuwa na mazoea mabaya sana. Jordanes, aliyeandika historia ya Wagothi mwaka 551, anaeleza asili ya Wahuni, adui wakubwa, hivi: mfalme mmoja wa Wagothi alifukuza wanawake wachawi kutoka kambini, wakaenda nyikani, wakakutana na pepo wachafu, wakazaa. Basi. Taifa zima la wapanda farasi limetoka kwa wanawake waliofukuzwa. Jordanes huyo huyo anatusimulia kifo cha Amalasuntha, binti wa mfalme Theodericus, aliyetawala Italia kwa niaba ya mwanawe mdogo. Mwana alipokufa, akamleta binamu wa kiume awe mfalme pamoja naye. Binamu akampeleka kwenye kisiwa cha ziwa Bolsena, na huko mwaka 535 akanyongwa bafuni. Nikisoma hapo nilikuwa nikiona Mfangano, siwezi kusema uongo. Miaka michache kabla, waziri wake Cassiodorus alikuwa amemsifu kwa barua ndefu, na ili amsifu vizuri akamtandika mwanamke mwingine aliyewahi kutawala kwa niaba ya mwana, Galla Placidia, kwamba huyo alipoteza nchi kwa kutafuta mkwe na kulegeza askari kwa amani nyingi. Amani nyingi kama kosa! Placidia alitekwa na Wagothi, akaolewa na mfalme wao mwaka 414, akawa mjane, akarudishwa, akaolewa tena, na kuanzia 425 akashika dola ya magharibi kwa zaidi ya miaka kumi wakati kila jenerali anataka kumla mwenzake. Ila mwanamke mmoja hapandishwi bila mwingine kushushwa. Hilo nalo ungedhani limeandikwa na mtu wa Twitter.

Na kuna Gregorio wa Tours, askofu, karne ya 6, huko Ufaransa ya leo. Malkia Fredegund kwake ni mwuaji asiyechoka. Kuna ukurasa ambapo binti yake, Rigunth, anadai mali, na mama anamwambia haya, inama uchukue sandukuni, kisha anamfungia kifuniko shingoni mpaka macho yanataka kutoka. Wajakazi ndio waliomwokoa. Niliposoma nilicheka kwa hofu. Lakini Gregorio alikuwa na kesi. Mwaka 580 alisimamishwa mbele ya maaskofu wenzake kwa madai kwamba amemsingizia malkia huyo huyo uzinzi. Aliapa, akaachiliwa, akaenda nyumbani akaendelea kuandika. Mshtakiwa ndiye mwandishi wa kumbukumbu, na Fredegund hajatuachia kitabu chake.

Ziwani kwetu vitabu vilianza juzi tu. Mwaka 1967 Bethwell Allan Ogot alitoa historia yake ya Waluo wa kusini, kitabu cha koo, safari na makazi kuanzia mwaka 1500, kilichokusanywa kutoka vinywani mwa wazee wakati wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba mtu asiye na maandishi hana historia. Kazi hiyo naiheshimu sana, na ukitaka kujua nani alifika Gwassi kabla ya nani, bado utaifungua. Kurasa zake ni baba akizaa mwana akizaa mwana. Mwaka mmoja nyuma yake, 1966, kampuni hiyo hiyo ya uchapishaji ilikuwa imetoa riwaya ya mkewe, Grace Ogot. Halafu 1968 zikaja hadithi zake fupi, mojawapo ikiwa ile ya Oganda, binti wa chifu anayetolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe. Mwaka 1983 akatoa Miaha, kwa Dholuo, akichukua ile simulizi ya jembe lililokuwa likilima lenyewe hadi bibi harusi akalivunjia mwiko, na tangu siku hiyo tukalima kwa jasho. Ni lawama ya Hawa kabisa, na Grace alimchukua huyo bibi harusi akampa jina, akampa akili na sababu zake.

Fikiria hiyo nyumba. Meza moja kuna historia, na wanaume ndio wenye majina. Meza ya pili kuna hadithi, na hapo Oganda anaogopa, anatembea, ana kiu. Sijui walizungumza nini jioni, na haituhusu. Lakini anayetaka kujua mwanamke wa ziwani aliwaza nini lazima ahame rafu, aache historia aende kwenye fasihi, kisha aambiwe kwamba hiyo ni kubuni.

Kwetu Suba jambo hili lina makali yake, na hapa naomba unisikilize vizuri. Wasuba walivuka ziwa kutoka upande wa Buganda na Busoga, wakakaa Mfangano, Rusinga, Gwassi, Kaksingri. Lugha yao, Olusuba, ni ya Kibantu. Leo Sindo utasikia Dholuo kutoka stendi hadi ufuoni, na Olusuba imo kwenye orodha za lugha zilizo hatarini. Uliza sababu na utapewa moja kabla hujamaliza swali: wanaume wetu walioa Waluo, na mama ndiye anayefundisha mtoto kusema. Wasomi wanaandika hivyo, wazee wanasema hivyo, mimi nimeambiwa hivyo na watu walionipenda. Bibi yangu alikuwa mmoja wa hao wake.

Si uongo kwamba mama hufundisha mtoto kusema. Lakini Biblia iliyofika hapa ilikuwa ya Dholuo. Mwalimu alifundisha kwa Dholuo. Chifu alisikiliza kesi kwa Dholuo. Ugonjwa wa malale ulifagia visiwa na bonde la Lambwe mwanzoni mwa karne iliyopita, watu wakatawanyika na kuzikwa na lugha zao. Soko la samaki lilinunua kwa Dholuo. Na baba, aliyekuwa na Olusuba mdomoni, alikuwa wapi mtoto akijifunza kusema? Mission ilikuwa na majina, serikali ilikuwa na majina, malale yana hata jina la mdudu. Mzigo mzima akabebeshwa mwanamke aliyekuja na ngoma yake ya udongo kichwani. Ni Assyria na barua yake, ni mke wa Lwanda, ni wale wachawi wa Jordanes waliozaa adui nyikani. Siku hizi wamepata zamu wanawake wanaonunua omena na ngege ufuoni. Ripoti zikiandikwa kuhusu Homa Bay wanaonekana kwenye aya ya jaboya na Ukimwi, kama vile hawakulipa karo ya nusu ya waliosomea kuandika hizo ripoti.

Bibi aliitwa nyar Kanyamwa. Ndivyo tunavyofanya: ukiolewa unaitwa binti wa ulikotoka, na ukizaa unaitwa min fulani. Warumi wa zamani walifanya kama sisi, binti za Julius wote Julia, mmoja baada ya mwingine, utawatofautisha mwenyewe. Nyar ni neno tamu, lina heshima ndani yake, na mimi nikiitwa nyar Sindo Nairobi huwa nageuka nikitabasamu. Shida inaanza karatasi ikifika.

Mwaka jana familia iliamua hatimaye kurithisha shamba la babu, ambalo hati yake bado ina jina lake na yeye amelala chini ya mwembe muda mrefu. Kesi ya urithi huanza na barua ya chifu inayotaja waliobaki: wajane, watoto, wote. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inasema watoto, haisemi wavulana. Mahakama ya Rufaa ililirudia hilo mwaka 2005 katika kesi ya familia ya Rono, na Katiba ya 2010 ikaongeza yake. Mimi ndiye mwenye kompyuta, kwa hiyo mti wa ukoo ulinifikia niupige chapa. Aliuandika mzee kwa mkono mzuri sana, wino wa buluu, vizazi sita kwenda juu. Wanaume wote wamo, hata aliyekufa akiwa mtoto. Penye wake aliandika nyar Kanyamwa, nyar Gwassi, nyar Kanyamwa tena. Penye mabinti hakuandika kitu. Nilipompigia simu alishangaa kwa upole. Hao si waliolewa?

Nilisafiri. Nilikaa na shangazi yangu mkubwa ufuoni wakati omena zikianikwa, nikamuuliza polepole, kwanza jina la bibi la ubatizo, kisha lile la kuzaliwa, kisha mama ya bibi. Alikuwa akitaja huku akifukuza ndege. Wengine alikumbuka mara moja pamoja na mwaka wa njaa waliozaliwa, wengine aliwatafuta kwa kuhesabu watoto waliowanyonyesha, na kwa mmoja aliita jirani aje asaidie, wakabishana. Niliandika nyuma ya risiti, halafu nyuma ya bahasha. Nilipomuuliza kama mke wa Nyamgondho aliwahi kuwa na jina alicheka akasema huyo alienda nalo.

Barua ya chifu ina nafasi kumi na mbili. Hadi leo tumejaza tisa, na wawili kati ya hao tisa ni shangazi ambao mzee bado hajakubali waandikwe. Nakala ninayo mimi.